Kifua Kilichogawanywa Jericho

Watu wa mtaa wa Jericho, Nairobi, walikuwa na kipimo chao cha daktari, na wala hakikuwa kigumu: daktari ni mtu anayedunga sindano. Akikudunga ukapiga kelele, huyo ni daktari. Akikudunga usipige kelele, huyo ni daktari hodari. Sasa fikiria aibu ya Syombua, ambaye miaka yote binti yake alipokuwa Ulaya alikuwa akiwatangazia majirani kwamba Kalekye anasomea udaktari. Kalekye akarudi na vyeti vyake, na jirani wa kwanza kumletea goti lililovimba akaambiwa aende hospitali akapigwe picha kwanza.

"Kwani wewe kudunga hujui?" jirani akauliza.

"Najua, mama. Lakini mimi ni daktari wa eksrei. Kazi yangu ni kusoma picha."

"Kusoma picha," jirani akarudia polepole, akimtazama Syombua kwa huruma.

Kabla ya chakula cha jioni habari zilikuwa zimefika sokoni: binti ya Syombua ameenda Ulaya miaka na miaka kujifunza kutazama picha.

Huo ulikuwa mwaka wa 1978. Kalekye alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani mizito, na alikuwa na tabia ya kukukodolea macho unapoongea naye, kana kwamba anatafuta kitu nyuma yako. Aliishi kwa mama yake kwa sababu nyumba ya serikali aliyoahidiwa ilikuwa bado inakuja, na kitu cha serikali kikishasemwa kinakuja, unaweza kuoa, ukazaa na ukasomesha ukikingoja. Alikuwa mpole mno kukataa jambo. Ndiyo maana Waithera wa nyumba ya pili alipoolewa, na mama yake akaja kusema, "Si wewe ni daktari wa picha? Tupigie basi za harusi," Kalekye hakufafanua lolote. Alipokea kamera ya kuazima, akapiga filamu nzima.

Picha ziliposafishwa, suti ya bwana harusi ilionekana hadi kifungo cha mwisho. Maua ya bibi harusi yalitoka vizuri ajabu. Vichwa ndivyo havikuwepo. Harusi nzima ilikuwa vifua, vimenyooka, vimewekwa katikati kwa ustadi mkubwa, na hadi leo familia hizo mbili zinabishana yupi ni mjomba na yupi ni dereva.

Usimcheke sana. Kazini alishinda katika chumba kisicho na dirisha, mwisho wa korido ya hospitali kubwa ya mjini, mbele ya ubao wenye taa nyuma yake. Picha zilikuwa zikiletwa zikiwa zimepangwa kama magunia sokoni, naye anabandika moja ubaoni, anaitazama, anaandika alichoona, anabandika nyingine. Alijua vifua vya nusu ya Nairobi na hakujua nyuso zao. Mkubwa wake alikuwa amerudi kwao Uingereza, na Kalekye akaachiwa idara kama kaimu, na ukaimu wenyewe ukaendelea hadi watu wakadhani ni jina lake la ubatizo.

Shida yake ilikuwa kwamba alichoandika hakikusomwa. Madaktari wa wodi walichukua picha, wakaitupa karatasi yake. Aliyemzidi kila mmoja alikuwa Daktari Patrobas, mpasuaji wa vifua, bwana mnene mwenye mikono midogo safi, ambaye hakuwa na subira hata ya kungoja picha ikauke. Aliingia chumba cha giza, akaitoa kwenye ndoo ikichuruzika maji, akaiinua kwenye dirisha la korido, na maji yakimdondokea viatuni akaamua nani anapasuliwa na nani anarudi nyumbani. Akikutana na Kalekye alimsalimia kwa adabu zote.

"Habari ya picha, dada?"

"Nzuri, daktari. Ulisoma ripoti yangu?"

"Nitaisoma," Daktari Patrobas alijibu, akiwa tayari ameshapita.

Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Wako wengi walioingia kwake wakiwa wamebebwa wakatoka wakitembea. Ila aliamini kwamba ugonjwa ni kitu unachokishika mkononi, na mtu anayekaa gizani akisema "huenda" na "yawezekana" alimwona kama mtabiri wa hali ya hewa.

Sasa turudi Jericho, kwa jirani aliyepakana na Syombua ukuta kwa ukuta. Huyo alikuwa Mzee Kabiru, aliyestaafu kiwanda kimoja cha kuyeyushia chuma kule Industrial Area, akawa anatengeneza majiko mlangoni kwake. Mke wake aliitwa Wangeci, lakini kwa majirani wote alikuwa Mama Chege. Mzee Kabiru aliwahi kuugua TB. Alitibiwa muda mrefu, akapona, na mwaka wa 1968 walipomruhusu walimpa picha ya mwisho ya kifua chake aende nayo, maana siku hizo ndivyo ilivyokuwa: ukimaliza matibabu unaondoka na picha yako kwenye bahasha kubwa ya kaki, ni mali yako, hospitali haina habari nayo tena. Wengine walizitia chini ya godoro. Mzee Kabiru alitundika yake dirishani.

Jua la asubuhi likipiga, mbavu za Mzee Kabiru zilionekana hadi njiani. Watoto wa shule walizisalimia. Mgeni akimaliza chai aliinuliwa kitini, akasogezwa dirishani, akaonyeshwa. "Hapa ndipo TB ilikuwa imeketi," Mzee Kabiru alisema akigonga kwa kidole. "Hapa hapa. Nikaitoa." Kila mgeni alionyeshwa mahali tofauti. Mchungaji alionyeshwa bega. Mkwe wake alionyeshwa moyo.

Na Kalekye? Alipita mbele ya dirisha hilo kila asubuhi na kila jioni kwa karibu miaka miwili, na hakuwahi kusimama akaisoma. Alikuwa ametoka kutazama vifua kutwa nzima, na kifua kingine akiwa anaelekea kwenye chai ya mama yake ilikuwa ni kumwonea. Alikuwa akipunga mkono kuelekea dirishani na kupita.

Ndipo jua likapatwa. Ilikuwa Jumamosi moja ya Februari mwaka wa 1980, na wiki nzima kabla yake redio ilikuwa haina habari nyingine. Jericho ilikuwa na wasiwasi. Wengine walisema kuku watakufa. Wengine walitaka kujua kama kodi italipwa siku hiyo. Watoto wa uani walikuja kumuuliza Kalekye wataangaliaje bila kuharibu macho, na Kalekye, akifurahi kwamba hatimaye kuna mtu amemuuliza kitu anachokijua, akawaletea kutoka kazini filamu zilizoharibika kwa kuingiwa na mwanga, nyeusi tii, hazina picha ndani. Akasimama kibarazani akaeleza: filamu ya eksrei, nyeusi kama hii, tena mbili pamoja, tena kutazama kidogo tu na kuondoa macho.

Alieleza vizuri. Tatizo ni kwamba waliosikia mwanzo walikimbia kuwaambia wengine kabla hajafika mwisho. Daktari amesema eksrei. Basi. Kila godoro la Jericho likainuliwa. Nyonga za bibi zikakatwa kwa mkasi, mikono iliyovunjika ikakatwa, taya zikakatwa. Wasiokuwa na picha walisimama wakiwatazama waliokuwa nazo, na hapo ndipo ukarimu wa Mzee Kabiru ulipomzidi. Aliishusha picha yake dirishani, akaomba mkasi wa Mama Chege wa kushonea, akaketi kwenye kigoda akawa anajigawa.

"Wewe chukua mbavu hizi za chini. Wewe una watoto wengi, chukua moyo, ni mkubwa. Msisukumane, Kabiru yuko wa kutosha!"

Jua lilipoanza kumegwa, Jericho yote ilikuwa imeinua uso, na kila mtu ana kipande cha mtu. Kalekye alitoka nje akaona ubavu mweupe umewekwa mbele ya jicho la mtu mzima, akapandisha sauti ambayo majirani hawakujua anayo. Alizunguka akinyang'anya, akiwafokea, akiwaambia hizo hazizuii kitu, watapofuka. Watu walificha vipande vyao migongoni kama watoto walioiba sukari, na akishapita wakavitoa. Hakuna aliyepofuka, ahsante Mungu, na kuku hawakufa. Wiki iliyofuata Mama Chege alishona pazia la maua akaliweka pale dirishani.

Julai ikaja na baridi yake, na Mzee Kabiru akaanza kukohoa. Kalekye alikisikia kikohozi hicho kupitia ukutani. Alimpeleka mwenyewe hospitalini kwa gari lake dogo, akasimama kando ya mpiga eksrei, akaichukua picha mara tu ilipokauka. Alipoibandika kwenye ubao wa taa, akaisogelea.

Juu ya pafu la kulia palikuwa na kitu. Cheupe, cha mviringo, ukubwa wa punje ya hindi. Alikitazama kwa miwani, akakitazama bila miwani. Kingeweza kuwa kovu la TB ya zamani, limekauka, halina neno na mtu. Kingeweza kuwa kansa iliyoanza majuzi. Picha moja haiwezi kukuambia, kama vile ukimkuta mtu amesimama mlangoni huwezi kujua kama ndiyo kwanza anaingia au ameishi hapo maisha yake yote. Aliandika alichokiona, na chini yake akaandika: ilinganishwe na picha ya zamani.

Safari hii hakuiacha karatasi iende peke yake. Aliipeleka kwa mkono. Daktari Patrobas alikuwa ameshaiona picha ile, viatu vyake vilikuwa na matone.

"Jumanne nafungua," Daktari Patrobas akasema.

"Daktari, huyu aliugua TB. Inawezekana ni kovu."

"Inawezekana. Na ikiwa si kovu, kila wiki ninayongoja inamla. Wewe unaweza kuniapia ni kovu?"

Kalekye akatikisa kichwa.

"Mapafu yake ni mabovu, moshi wa kiwanda umeshayachosha," akasema tena Kalekye. "Umri wake unaujua. Ukimfungua, huenda asiamke."

"Najua," Daktari Patrobas akasema, na safari hii hakuwa na haraka. "Usidhani nalala usingizi kwa mambo hayo, dada. Niletee picha ya zamani. Kama kitu hiki kilikuwepo, ukubwa huu huu, mahali hapa hapa, namwacha mzee akatengeneze majiko yake. Kama huna, Jumanne nafungua."

Kalekye aliendesha gari kurudi nyumbani karibu akiimba. Picha ya zamani! Nani asiyejua ilipo? Alishuka, akavuka uani, akafika mbele ya dirisha la Mzee Kabiru, na pazia la maua likamtazama.

"Mzee," Kalekye akasema, "picha yako ya dirishani iko wapi?"

Mzee Kabiru alikuwa akigonga bati. Akaacha nyundo. "Si tuliangalia nayo jua? Wewe si ndiye ulisema?"

Kalekye aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alimweleza yote, bila "huenda" nyingi. Mzee Kabiru alisikiliza akijifuta mikono kwa tambara, na alipojibu alianza na mzaha wake wa kawaida, kwamba mtu aliyejigawa bure asishangae kukosa vipande. Mzaha haukufika mwisho.

"Naogopa, Kalekye," Mzee Kabiru akasema. "Nimewaona watu pale kiwandani wakipasuliwa na chuma. Kwa Mama Chege nasema siogopi. Kwako nasema naogopa."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili, ibada zilipokwisha na kila mtu akawa kwake anakula, Kalekye alianza kubisha milango. Mama yake alijitolea kumsindikiza. Syombua hakuwa ameongea sana tangu apate habari, na Kalekye alidhani ni uchungu, kwa maana yeye na Mzee Kabiru walikuwa wameteka maji pamoja, wamezika pamoja na wamegombana kwa sababu ya moshi wa majiko kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wewe hebu jaribu kwenda nyumba kwa nyumba Jericho siku ya Jumapili, ukiulizia mbavu. Mlango wa kwanza walidhani amekuja kuwafokea tena, wakakana hata kujua jua ni nini. Ilibidi Syombua awaeleze kwamba ni maisha ya Mzee Kabiru yanayotafutwa, si makosa yao. Hapo ndipo milango ilipofunguka, na ikafunguka mno. Shamso mwenye duka alikuwa ametumia mbavu za kushoto kufunika bei alizobandika mezani, zisilowe. Khavere, fundi wa cherehani, alikuwa amekata umbo la kola kutoka tumbo la Mzee Kabiru, na kola za mashati ya kwaya nzima zilikuwa zimetoka humo. Fundi viatu alikuwa na bega, lina alama za sindano. Kijana mmoja wa bendi alitoa kipande kidogo cha pembetatu alichokuwa akipigia gitaa, kutoka katikati ya nyuzi zake.

"Sasa daktari, hii ndio ilikuwa poa kushinda zote," kijana akasema akimkabidhi kwa huzuni. "Mzee ana sauti tamu."

Na kila mtu alileta, hata asiyekuwa na cha Mzee Kabiru. Walileta nyonga. Walileta vidole. Mama mmoja alileta fuvu la mume wake na kusisitiza kwamba ni la Mzee Kabiru, labda alitaka liondoke nyumbani. Kalekye aliyapokea yote, akatandaza kwenye meza ya mama yake kando ya mlango wa jikoni ulioingiza mwanga, akaanza kupanga.

Hapo majirani waliojazana mlangoni waliona kitu ambacho hawakuwahi kukiona. Alikuwa haulizi. Alishika kipande, akakiinua kwenye mwanga, akasema "huyu ni mtoto," akaweka kando. "Huyu ni mwanamke." "Huu ni mguu, nani alisema ni kifua?" Ubavu ukaenda kwa ubavu mwenziwe, moyo ukapata mahali pake, kola ya Khavere ikaingia chini, na kidogo kidogo Mzee Kabiru akaanza kurudi mezani, wa mwaka wa 1968, kijana kijana. Mzee Kabiru mwenyewe alikuwa amesimama nyuma akinyoosha shingo.

Kisha vipande vikaisha. Upande wa kulia, juu kabisa, palikuwa na meza tu.

"Mzee," Kalekye akasema bila kugeuka, "kipande cha hapa ulimpa nani?"

"Kile kilikuwa cheusi kushinda vyote. Kizuri kabisa." Mzee Kabiru alikohoa, akatazama dari, akatazama viatu vyake. "Nilimpa mtu ninayemheshimu."

"Nani?"

"Nimesahau."

Hakuna aliyeamini kwamba Mzee Kabiru alikuwa amesahau. Mama Chege, aliyekuwa ameshika kiuno cha mume wake kwa nyuma, akamtikisa. "Baba Chege, ni maisha yako. Sema!"

"Nimesahau," Mzee Kabiru akarudia.

Ndipo Syombua alipoinuka. Alikwenda kwenye pipa lake la unga wa mahindi, akafunua kifuniko, akaingiza mkono, akatoa kile alichokuwa akichotea unga kila jioni tangu Februari. Kilikuwa kimepindwa kidogo pembeni ili kishike vizuri. Alikipangusa kwenye leso yake, akakiweka mezani bila kumtazama binti yake.

"Uliwaletea watoto peke yao," Syombua akasema. "Mimi hukuniletea. Na mimi nilitaka kuona jua. Halafu ukafokea watu hivyo, nikaona mama wa daktari hawezi kusema na yeye ameangalia."

"Mama, umezunguka na mimi milango yote."

"Nilikuwa naomba kipande kiwe kwa mtu mwingine. Nilikuwa sijui changu ni kipi." Akatazama viganja vyake. "Nimekuwa nikila ugali na pafu la Kabiru, Kalekye, na sasa nimekaribia kumuua kwa aibu yangu."

Kalekye angeweza kukasirika. Hasira ilikuja kweli, kisha akamwona mama yake amesimama na unga mikononi kama msichana aliyekamatwa, na akakumbuka ni nani aliyepita mbele ya dirisha lile miaka miwili akipunga mkono. Alimshika mama yake bega. Kisha akakichukua kipande, akakipuliza, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

Kilikuwepo. Cheupe, cha mviringo, ukubwa wa punje ya hindi. Mkasi wa Mama Chege ulikuwa umepita pembeni yake kabisa, ukakikosa kwa upana wa ukucha.

Mbele za watu alisema tu kwamba ataenda nacho kazini, na aliwaacha wakimkasirikia, kwa sababu waliamini daktari wa kweli angesema papo hapo.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Daktari Patrobas na Mzee Kabiru mzima mzima, amebandikwa kwa gundi ya karatasi, ana matundu ya sindano begani na tumbo lake lina umbo la kola. Daktari Patrobas alivaa miwani yake, jambo lililokuwa nadra.

"Hii ni nini hapa juu?"

"Unga wa mahindi."

"Na nani amekatakata picha ya mgonjwa hivi?"

"Ni mimi niliyewafundisha," Kalekye akasema.

Daktari Patrobas akaona si wakati wa kuuliza zaidi. Wakaweka picha mbili ubaoni bega kwa bega. Alichukua rula, akapima ya zamani, akapima mpya. Akapima tena. Miaka kumi na miwili, na kile kitu hakikuwa kimeongezeka hata kidogo. Lakini alikuwa mtu wa kushika kwa mkono, na vipande vilivyobandikwa kwa gundi vilimsumbua.

"Mkasi umepita karibu sana na hicho kitu. Ukikosea, dada, tutakuwa tumemwacha afe taratibu huku tukimwambia yuko sawa."

"Nikikosea nitamsikia kupitia ukutani kila siku hadi mwisho," Kalekye akasema. "Yeye ni jirani yangu. Ni kovu. Safari hii siandiki huenda."

Aliandika, akatia sahihi. Daktari Patrobas akaisoma karatasi yote, kuanzia juu hadi chini, akiwa ameketi. Kisha akamwita muuguzi akamwambia alifute jina la Kabiru kwenye orodha ya Jumanne, ampe dawa ya kikohozi.

Baada ya hapo akaanza kusoma ripoti zake. Usidhani aligeuka malaika. Alizisoma ili apate la kubishia, na mabishano yao yalisikika hadi wodi ya watoto. Lakini kubishiwa ni heshima, na Kalekye aliipenda kuliko salamu. Mwaka uliofuata ukaimu ulimtoka, akawa mkuu wa idara. Jambo la kwanza aliloamuru ni kabati la chuma kwenye korido, na picha zote za zamani zikawa zinabaki humo. Wagonjwa walilalamika kwamba hospitali imeanza kuwaibia vifua vyao, na waliolalamika zaidi, ukitaka kujua, ni watu wa Jericho. Mzee Kabiru alienda kupigwa picha kila mwaka, akavaa tai kwa ajili ya shughuli hiyo, na kovu lake likabaki vilevile.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatatu ile jioni Kalekye alipoegesha gari, wanawake walikuwa kwenye foleni ya maji, na Mama Chege ndiye aliyekuwa bombani. Aliliona gari. Hakuinua macho kwa mwenye gari, akabaki ameinamia ndoo yake kama mtu asiyetaka kuambiwa kitu. Mzee Kabiru alikuwa mlangoni kwake, nyundo mkononi, hagongi. Kalekye hakuenda kwake. Alikwenda moja kwa moja bombani.

"Mama Chege," akasema, "ni kovu. Hakatwi mtu."

Mama Chege akaketi chini pale pale, kwenye matope, na leso yake safi ya Jumatatu, akafunika uso. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakatiririka kwenye miguu ya foleni nzima, na kwa mara ya kwanza tangu Jericho ijengwe, hakuna mwanamke aliyemfokea mwenzake kwamba maji yanamwagika.